Kafaulu fomu siksi, sasa asome nini? Tulifumue hili taratibu

Mwezi wa saba kwangu ni msimu, kama Desemba kwa wauza nguo za watoto. Baraza la Mitihani, NECTA, wakishaachia tu matokeo ya kidato cha sita, kibanda changu cha steshenari huku Kimara kinajaa vijana wenye bahasha za kaki mkononi, na nyuma ya kila kijana kuna mama, au mjomba, au dada mkubwa ambaye ndo mwenye hela ya kulipia fomu, na wote hao wamekuja na swali lilelile, hivi asome nini?

Msimu uliopita aliingia mzee mmoja na binti yake. Hajakaa hata kwenye benchi, akasema, "Kijana, huyu mjazie udaktari." Nikaomba namba ya mtihani, nikafungua matokeo: Fizikia E, Kemia D, Baiolojia D, divisheni thrii ya pointi 13. Binti alikuwa anaangalia sakafu, anafungua zipu ya begi lake, anaifunga, anaifungua tena. Nikamwambia mzee kwa upole kwamba udaktari kwa matokeo haya hautoki. Akanishangaa kweli. "Hautoki vipi? Redioni wamesema chuo kikuu wanataka pointi nne tu, huyu anazo 13!"

Mi na mzee hatukuwa na ugomvi wowote, tulikuwa tu tunahesabu kwa vitabu viwili. Na kwa miaka niliyokaa kwenye hiki kibanda nimeona presha nyingi ya hawa watoto inaanzia hapohapo, kuna mambo kama matano hivi yaliyo tofauti kabisa, pointi, kombi (ile tahasusi, masomo matatu ya fomu faivu na siksi), kozi, mkopo, ajira, sisi tumeyasokota yakawa kamba moja tukamfunga nayo mtoto wa miaka 19 halafu tunamwambia chagua vizuri mwanangu.

Pointi za aina mbili

Tuanze na hizo pointi maana ndo zinazoleta kelele nyingi. NECTA wanahesabu kama mbio za riadha, aliyewahi anapewa namba ndogo: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, halafu S ni 6 na F ni 7. Wanajumlisha masomo matatu ya tahasusi yako, ukiwa na 3 mpaka 9 hiyo ni wani, 10 mpaka 12 ni tuu, 13 mpaka 17 ni thrii. Kwa hiyo huku ukiwa na namba kubwa unalia.

Sasa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wao kwenye udahili wanahesabu kama magoli, mwenye mengi ndo kashinda. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Ile "pointi nne" ya redioni ni magoli, na ni kima cha chini cha mtu wa fomu siksi kuingia digrii, zinatafutwa kwenye masomo mawili. Binti wa mzee kwa NECTA ana 13, kwa TCU ana D mbili ambazo ni 4, na ile E ya Fizikia inamfikisha 5. Digrii anaingia vizuri tu. Udaktari kwa miongozo ya miaka ya karibuni unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu na jumla isipungue 6, na hiyo 6 inakupa ruhusa ya kuomba tu, ukienda kuomba vyuo kama Muhimbili mwenye 6 anaweza akaishia kusoma majina ya wenzake.

Nikamwandikia mzee hayo mahesabu nyuma ya karatasi iliyokwama kwenye printa, safu mbili. Akaitazama muda, akasema, "Kumbe." Nikamwona na yeye kashusha mabega, maana kumbe njia nzima kutoka nyumbani alikuwa anaamini mtoto kafaulu mara tatu ya kinachotakiwa na kuna watu wanataka kumzibia.

Unasomea nini, siyo utakuwa nani

Kuna maneno mengine manne tunayatumia kama pacha na siyo pacha. Kozi ni kile kilichoandikwa kwenye cheti chako. Taaluma ni ile kazi yenye bodi yake na leseni yake, huwezi kuifanya bila kusajiliwa, kama udaktari, uwakili, ufamasia, uhandisi. Ajira ni pale mtu mwingine anapokulipa mshahara. Na kazi ni chochote unachofanya kikakuingizia riziki. Mtu anaweza kuwa na kozi bila ajira, ajira isiyohusiana na kozi, na kazi isiyo na uhusiano na vyote viwili, nyinyi mnaosoma hapa nadhani mnajijua.

Mimi mwenyewe ni zao la sosholojia, digrii ninayo, imetundikwa hapo ukutani juu ya mashine ya kutoa kopi. Baba yangu, Mungu amrehemu, mpaka anafariki alikuwa anawaambia majirani nasoma sheria. Hakuwa mwongo kivile, ni kwamba akisema "sosholojia" swali linalofuata lilikuwa "sasa hiyo anakuwa nani?" na jibu alikuwa hana, hata mimi nilikuwa sina. Ukisema sheria hakuna anayeuliza tena. Sasa hapo ndo pananiuma kidogo, kwetu jina la kozi linatakiwa lijibu mtoto atakuwa nani, kwa hiyo kozi zinazobeba jina la mtu, daktari, mwanasheria, injinia, mhasibu, mwalimu, zinagombaniwa, na zile zinazobeba jina la somo zinaonekana za waliokosa.

Presha inakuja Julai, uamuzi ulishafanyika zamani

Hili watu hawalisemi sana. Mtoto anaanza kuumwa tumbo mwezi wa saba akiwa na fomu ya chuo mbele yake, lakini ukiangalia vizuri, sehemu kubwa ya uchaguzi ilishakwisha. Alipokuwa fomu tuu kuelekea fomu thrii akaacha Fizikia kwa sababu mwalimu hayupo au kwa sababu marafiki zake wote wamehamia mchepuo mwingine, hapo udaktari na uhandisi vimeshaondoka na hakuna aliyepiga kengele. Fomu foo akajaza Selform, ile fomu ya kuchagua kombi na vyuo, mara nyingi kwa dakika 20 darasani wakichunguliana. Fomu faivu akapangiwa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) badala ya EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) aliyoitaka. Kila hatua ilikuwa inafunga milango kimyakimya.

Ni kama safari ya basi kutoka Dar. Ukifika Chalinze barabara inagawanyika, wa Morogoro ananyoosha, wa Tanga na Moshi anakata kulia. Mabishano yote ya kwenda wapi yanatakiwa yaishe kabla ya Chalinze. Sasa sisi tunakaa kimya mpaka basi limefika Segera ndo mzazi anasimama kwenye siti anaanza kudai jamani mtoto wangu ashuke Morogoro.

Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 zikafika 65, zimo za lugha, sanaa, michezo, dini, na pia kuna mtaala mpya uliotenga mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, kuanzia sekondari. Kwenye karatasi ni jambo zuri, watoto wamepewa milango mingi. Ila mi nina mashaka yangu madogo, milango 65 kwa mtoto wa miaka 16 ambaye shule yake haina mshauri, na mwalimu wa taaluma mwenyewe ana vipindi 30 kwa wiki, ni rahisi tu akaishia kuingia mlango ulioingiwa na rafiki yake. Kwa hiyo kama una mdogo wako yuko fomu tuu sasa hivi, hii makala ni yake kuliko ya yule aliyemaliza.

Mzazi anataja kazi alizoziona

Vijana wanalalamika sana kuhusu wazazi, na kuna wazazi kweli wamezidi, nimeshaona baba anamnyang'anya mtoto mausi mkononi. Lakini tukae upande wao kidogo. Mzazi aliyekulia kijijini miaka ya 70 na 80, watu aliowaona wanavaa viatu vilivyong'arishwa siku ya kazi na kupokea mshahara mwisho wa mwezi walikuwa wachache sana, mwalimu, nesi, daktari wa kituo cha afya, bwana shamba, hakimu, polisi, karani wa posta. Na enzi hizo msomi wa chuo kikuu alikuwa anapangiwa kazi na serikali, hakuna habari ya kuzunguka na bahasha. Kwa hiyo akikwambia "somea udaktari" ujue amekupa orodha nzima ya vitu alivyowahi kuviona vikifanya kazi kwa macho yake. Hajawahi kumwona mtu wa data, hajawahi kumwona mtaalamu wa bima, hajui kwamba kuna mtu analipwa kwa kupima ubora wa maziwa kiwandani.

Na kuna shamba liliuzwa hapo katikati. Hilo nalo tusilipite. Mtoto wa kwanza kufika chuo kwenye ukoo anasoma kwa hela ya watu saba, na wote saba wanataka kujua hela yao imeenda wapi, na nyuma yake kuna wadogo watatu wanaosubiri naye aajiriwe awasomeshe. Halafu anatokea jamaa kwenye simu, sauti nzito, muziki wa taratibu nyuma, anamwambia "fuata ndoto zako". Ndugu yangu, ndoto ya nani? Kuufuata moyo wako ni ushauri wa mtu ambaye akianguka ana pa kuangukia. Sisemi kupenda unachosoma hakuna maana, kukaa miaka minne kwenye kitu unachokichukia ni adhabu na wengi wanadisko, yaani wanaondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza kwa sababu hiyohiyo, ila nasema kijana akikaa anapima mapenzi yake na nauli ya nyumbani kwao asionekane mwoga.

Hii "kozi yenye soko" ni nini hasa?

Neno soko ndo linaongoza kutajwa kwenye benchi langu. Kozi ina soko, kozi haina soko. Tatizo la soko ni kwamba unaliona la leo, na wewe bidhaa yako inaiva baada ya miaka mitatu, minne, mitano. Wakulima wanalijua hili vizuri kuliko sisi, vitunguu vikipanda bei mwaka huu kila mtu analima vitunguu, mwakani gunia linamwagwa barabarani.

Chukua ualimu. Mpaka katikati ya miaka ya 2010 mwalimu akimaliza chuo alikuwa anasubiri tu jina lake litoke na kituo alichopangiwa, hata kama ni mwisho wa dunia, lakini kazi ipo. Ukienda kwa mzazi wa 2012 ukamwambia mtoto asome ualimu, huo ulikuwa ushauri salama kuliko wote. Watoto wakajaa. Baadaye ajira zikasimama, zikaja kurudi kwa mafungu na kwa kuomba, siku hizi mwalimu anaingia hadi kwenye usaili, na wale wa masomo ya sanaa ndo wameumia zaidi. Hakuna aliyedanganya mtu 2012. Soko ndo lilihama.

Au gesi. Mnakumbuka miaka ile gesi nyingi ilipogundulika baharini huko Lindi na Mtwara, ilivyokuwa habari ya mjini? Vyuo vikafungua kozi za mafuta na gesi, na watoto wenye wani za PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) wakakimbilia huko kwa sababu kila mtu alikuwa anajua nchi inaenda kuwa Dubai. Bomba la kutoka Mtwara kuja Dar likakamilika 2015, ila ule mradi mkubwa wa kuchakata gesi kimiminika Lindi ambao ndo ungebeba ajira za maana ukawa wa kusubiriwa mwaka hadi mwaka. Mmoja wao namfahamu, akili ile ukimsikiliza unanyamaza, anauza mitungi ya gesi ya kupikia. Mwenyewe huwa anasema si bado niko kwenye sekta.

Na upande wa wanaosaka ajira mambo ni hivi: mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, walitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Gawanya mwenyewe, ni karibu watu 85 kwa kiti kimoja. Kwenye hao 135,000 walikuwemo waliosoma kozi "zenye soko" kwa maelfu, wahasibu, wanauchumi, watu wa tehama. Kwa hiyo mtu anayekwambia kuna kozi ukiisoma ajira inakusubiri mlangoni, muulize anazungumzia mwaka gani.

Mwendokasi na daladala

Mfano ninaoutumia sana kwa wateja ni huu, maana huku Kimara kila mtu anaujua. Kuna kozi za mwendokasi na kuna kozi za daladala.

Mwendokasi una njia yake peke yake na vituo vyake, ukishapanda unajua unaenda wapi. Udaktari ni miaka 5, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitali, halafu leseni. Uhandisi miaka 4, halafu kuna miaka ya kufanya kazi chini ya usimamizi kabla Bodi ya Wahandisi haijakusajili. Sheria nayo digrii peke yake haikufanyi wakili, lazima upite Law School, na wengi tulikuwa hatulijui hilo mpaka Oktoba 2022 matokeo yalipovuja mitandaoni, wanafunzi 633 walifanya, waliofaulu moja kwa moja 26 tu, nchi nzima ikawa inabishana na hadi kamati ikaundwa. Uzuri wa mwendokasi ni kwamba ukifika umefika. Ubaya, huwezi kushuka katikati, ukishuka Magomeni umeshuka Magomeni, mtu aliyeacha udaktari mwaka wa tatu mkononi hana kitu cha kueleweka. Na anayedhani mwendokasi hauna foleni basi hajawahi kusimama pale Kimara mwisho saa 12 asubuhi, hata madaktari wapo mtaani wanasubiri vibali vya ajira.

Daladala ni hizi kozi nyingine, sosholojia, biashara, maendeleo ya jamii, uchumi, jiografia, lugha, sayansi za mazingira. Linapita popote, unashuka popote, unaunganisha. Mtu wa takwimu anaibukia benki, mtu wa Kiswahili anaibukia redioni au kufundisha wageni, mtu wa maendeleo ya jamii anaibukia shirika la wakulima. Ila daladala halikufikishi lenyewe, lazima ujue unashuka wapi na unapanda lipi, na hiyo nauli ya pili hakuna anayekuambia. Mwenye kozi ya daladala asipoongeza kitu kingine pembeni, lugha, kompyuta ya kueleweka, fildi aliyoitafuta mwenyewe badala ya kusubiri kupangiwa, CPA, ile mitihani ya bodi ya wahasibu, kama ni mtu wa hesabu, anaweza kumaliza akajikuta amesimama Ubungo na mizigo.

Ukishalielewa hilo swali linabadilika kabisa. Unaacha kuuliza kozi gani nzuri, unauliza mtoto huyu na familia hii wanaweza safari ya namna gani.

Mkopo nao unachagua

Kuna mchaguzi mwingine amekaa kimya kwenye kona, Bodi ya Mikopo. Kwa miaka mingi miongozo yao imekuwa ikizipa kipaumbele kozi kama za afya, ualimu wa sayansi na hisabati, uhandisi, kwa hiyo mtoto wa mtu wa kipato cha chini mara nyingi anachagua kozi kwa kuangalia uwezekano wa kupata mkopo, na mi siwezi kumlaumu, bila bumu la kujikimu chuo hakikaliki. Kuna pia ufadhili wa Samia kwa waliofaulu sana tahasusi za sayansi, na siku hizi hadi baadhi ya kozi za stashahada zina mkopo.

Ambacho watu wanasahau ni kwamba mkopo ni mkopo. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka uishe, afadhali ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 ilifutwa 2021, ilikuwa inamfanya mtu analipa na deni halipungui. Kwa hiyo "kozi ina mkopo" isiwe sababu pekee. Na jamani, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kule RITA, wakala wa vizazi na vifo, ufanyeni mapema, kila mwaka nina watu wanalia hapa siku mbili kabla dirisha halijafungwa.

Hapohapo niseme na hili la namba ya simu. Mtoto akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja anatakiwa athibitishe anapokwenda kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu. Wazazi wengi wanang'ang'ania tujaze namba zao, wengine wavivu wanasema weka tu ya kwako wewe wa steshenari. Nimeshawahi kupata ujumbe wa mtoto wa watu saa nne usiku, nampigia simu haipatikani, dirisha linafungwa kesho. Tulimpata kupitia fundi cherehani wa jirani yao. Tangu siku hiyo sijazi namba yangu kwa mtu.

Yale wanayoniambia kila siku

"Arts ni ya vilaza." Mtu aliyepata A ya Historia pale fomu siksi mpe heshima yake, zile insha siyo mchezo. Hili neno limewapeleka watoto wengi PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) wakatoka na E tatu wakati wangekuwa na wani nzuri kabisa ya HGE (Historia, Jiografia, Uchumi).

"Stashahada ni ya waliofeli." Hapa ndo panawaharibia wengi. Mtu ana thrii ya mwisho mwisho anasukumwa kwenye digrii yoyote ili mradi iitwe digrii, wakati angeweza kwenda stashahada ya utabibu au maabara au ufamasia chuo kilichosajiliwa na NACTVET, wale wasimamizi wa vyuo vya kati, akamaliza na ufundi mkononi, na akipata GPA ya 3.0 kwenda juu mlango wa digrii unafunguka tena, na kwa mtu wa utabibu hata ule wa udaktari. Ni kuzunguka, ndiyo, lakini anazunguka huku ana leseni.

"Ukikosea umekwisha." Mwanzoni mwa mwaka wa kwanza huwa kuna dirisha la kuhama kozi au chuo, kinachotakiwa uwe na sifa za huko unakohamia na nafasi iwepo. Ukichelewa unaweza kuomba upya mwaka unaofuata. Inauma, inagharimu, kuhusu mkopo uliza bodi kabla hujafanya chochote, lakini hakuna msiba hapo. Msiba ni yule anayejua wiki ya tatu kwamba hapa sipo, anakaa kimya miaka mitatu kwa kuogopa kumwambia baba, anabeba sapu, yaani mitihani ya kurudia, kila semista.

Sasa turudi kwa mzee

Yule mzee na binti yake walikaa kama saa nzima. Nilimchorea tena kwenye karatasi ileile. Njia ya kwanza, arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, apandishe Fizikia, aombe udaktari mwakani. Ya pili, stashahada ya utabibu miaka 3, afanye vizuri, halafu ndo aombe udaktari. Ya tatu, aingie digrii sasa hivi kwa hizohizo D za Kemia na Baiolojia, kwa mfano lishe ya binadamu pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, miaka 3.

Mzee akaweka kidole kwenye ile ya pili. "Hii ya kuunganisha gari, jumla inakuwa miaka mingapi?"

Nikamhesabia, 3 ya stashahada, 5 ya udaktari, 1 wa mafunzo hospitali, hapo hajakaa bure hata mwaka mmoja. Tisa.

Akawa anahesabu kwa vidole, nikadhani anahesabu umri wa binti. Akasema, "Mimi hapo nitakuwa na 71."

Zipu ya begi ikanyamaza. Binti akasema, polepole hivi, "Baba, mi hata damu naogopa."

Mzee akageuka akaniangalia mimi, kana kwamba nilikuwa najua siku zote nikamficha. Akakaa. Akauliza hiyo lishe mtu anakuwa nani, binti akamjibu mwenyewe, akamtajia hospitali ya wilaya waliyomlaza mdogo wake, na yule dada aliyekuwa anakuja wodini na mizani na vile vipakti vya watoto wenye utapiamlo, akasema anataka kuwa kama yule. Mzee alimkumbuka yule dada. Alimkumbuka hadi jina.

Nikafungua ukurasa wa maombi, nikajaza jina, namba ya mtihani, tarehe ya kuzaliwa. Nikafika kwenye namba ya simu, mzee akaanza kutoa simu yake mfukoni.

"Weka yangu," binti akasema.